Mwongozo Kamili: Kutenganisha Seli Nyekundu za Damu kwenye Picha za Hadubini kwa Ujifunzaji wa Kina

Wanafunzi na wataalamu wa maabara wa hapa Moshi, na wengine kutoka Arusha, wamekuwa wakiniletea tatizo lilelile kwa sura mbalimbali: programu imesakinishwa, modeli (yaani sehemu ya programu iliyojifunza kutambua seli kutokana na mifano mingi ya picha, na huko ndiko kunakoitwa ujifunzaji wa kina) imeendeshwa, lakini seli tatu zilizogusana zimezungushiwa mstari mmoja kana kwamba ni seli moja, au seli moja imekatwa vipande vinne. Wengi wao walikuwa wameshaanza kufundisha modeli upya, na mara nyingi kosa halikuwa kwenye modeli. Lilikuwa kwenye picha yenyewe, au kwenye kipenyo cha seli ambacho hakuna aliyekuwa amekipima.

Kwa sababu hiyo, mwongozo huu unaanzia kwenye slaidi, mwanga na kipimo. Kufundisha modeli kumewekwa karibu na mwisho, kwa yule ambaye, baada ya kurekebisha hayo yote, bado ana makosa ya kuondoa.

Mfano tutakaotumia ni utando mwembamba wa damu uliotiwa rangi ya Giemsa. Lengo ni kupata idadi ya seli nyekundu zote katika kila picha, ili anayetafuta asilimia ya seli zenye vimelea vya malaria awe na jumla anayoweza kuiamini.

Mahitaji

Andaa vitu hivi kabla ya kuanza, kwa kuwa kukosekana kwa kimoja katikati ya kazi humlazimisha mtu kurudia picha zote:

- Hadubini yenye lenzi ya mafuta ya 100, na kamera iliyofungwa juu yake. Simu iliyoshikwa kwa mkono haifai, kwa sababu umbali wake hubadilika kila picha, na ukubwa wa seli hubadilika pamoja nao.
- Slaidi ya kupimia, yaani kioo chenye mstari wa milimita 1 uliogawanywa sehemu 100, kila sehemu maikromita 10.
- Kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 au zaidi. Kadi ya michoro ya NVIDIA huharakisha kazi, lakini mfano huu unakwenda bila hiyo.
- Programu ya Fiji ya kuandaa na kupima picha, lugha ya Python toleo la 3.10, na Cellpose toleo la 3, programu yenye modeli ya kutenganisha seli. Zote zinapatikana bure.
- Betri ya akiba. Umeme ukikatika wakati wa kufundisha modeli, mizunguko ya mafunzo ambayo haijahifadhiwa hupotea.

Kama slaidi ni za wagonjwa, hakikisha utafiti una kibali cha kimaadili, na majina ya faili yasibebe jina wala namba ya mgonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu picha hizi pia, hasa pale zinapopakiwa kwenye kompyuta za mbali.

Hatua ya 1: Chagua eneo sahihi la slaidi

Tumia utando mwembamba uliokaushwa na kugandishwa kwa methanoli. Utando mzito haufai kwa kazi hii, kwa kuwa seli zake nyekundu hupasuka wakati wa kutia rangi na hakuna mipaka inayobaki ya kuchorwa.

Changanya Giemsa kwa maji yenye bafa (chumvi zinazozuia kiwango cha asidi kubadilika) ya pH 7.2. Wengi hutumia maji ya bomba, nami nasisitiza waache, kwa kuwa maji yenye asidi husogeza rangi ya seli kuelekea waridi na maji yenye alkali huisogeza kuelekea buluu. Jicho la binadamu huzoea tofauti hiyo baada ya dakika chache. Modeli haizoei, bali huiona kama picha ya aina nyingine.

Piga picha karibu na mkia wa utando, mahali ambapo seli zimelala kwa safu moja na nyingi zinagusana kidogo tu. Sehemu ambayo seli zimepandana haiwezi kuokolewa na modeli yoyote, kwa maana hata watu wawili wenye uzoefu hawatakubaliana mpaka wa kila seli uko wapi.

*Dalili ya mafanikio:* ukitazama picha, unaweza kufuatisha mzunguko wa karibu kila seli kwa kidole bila kubahatisha.

Hatua ya 2: Sawazisha mwanga, kisha piga picha

Rekebisha kondenseri na kiwambo cha hadubini mpaka mwanga uwe sawa katikati na pembeni. Zima marekebisho ya kujiendesha ya kamera, yaani muda wa mwanga na usawa wa rangi nyeupe, kisha uyaweke kwa mkono na usiyaguse tena mpaka umalize seti nzima.

Baada ya hapo sogeza slaidi mahali pasipo na seli na upige picha moja tupu. Picha hiyo inaonekana haina maana, lakini ndiyo inayobeba kumbukumbu ya vumbi lililo kwenye kamera na giza la pembeni, na tutaihitaji katika Hatua ya 4. Wakati wa kiangazi, vumbi la Moshi linapoingia hadi kabatini, piga picha tupu mpya kila siku ya kazi.

Hifadhi kwa TIFF au PNG. Mfumo wa JPEG hugawa picha katika vigae vya pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 8 kwa 8 na kutupa taarifa ndani ya kila kigae, na kinachopotea kwanza ni ule ufa mwembamba wa mwanga kati ya seli mbili zilizokaribiana. Ufa huo ndio modeli inaoutafuta. Kwa sababu hiyohiyo, usikubali picha zilizotumwa kwa WhatsApp kama picha za kawaida, hata kama zinapendeza kwenye kioo cha simu. Omba faili halisi kwa flashi.

*Dalili ya mafanikio:* ukikuza picha mpaka pikseli zionekane, ufa kati ya seli mbili jirani bado unaonekana.

Hatua ya 3: Pima kipenyo cha seli kwa pikseli

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza wiki mbili nikichora mipaka ya seli kwa mkono na kufundisha modeli, kumbe kipenyo nilichokuwa nimeandika kilikuwa thuluthi ya kipenyo halisi. Nilipoandika namba sahihi, modeli ya awali, ambayo sikuwa nimeifundisha chochote, ilitenganisha seli vizuri kuliko ile niliyoihangaikia.

Sababu yake ni hii. Cellpose hubadilisha ukubwa wa kila picha ili seli ya wastani iwe na upana wa pikseli 30, ukubwa uleule ambao modeli ilifundishwa kuutambua. Kipimo cha mabadiliko hayo hutoka kwenye kipenyo unachoandika wewe. Ukiandika 30 ilhali seli zako zina pikseli 94, picha haipunguzwi, na modeli inatazama seli zilizo kubwa mara tatu kuliko ilizozoea. Hapo ndipo inapozikata vipande. Ukiandika namba kubwa kupita kiasi, seli zinasinyaa mpaka zinaonekana kama rundo moja, nayo inaziunganisha.

Weka slaidi ya kupimia chini ya lenzi ileile ya 100, piga picha, uifungue kwenye Fiji, na uchore mstari juu ya sehemu kumi za kipimo, yaani maikromita 100. Soma urefu wa mstari huo kwa pikseli. Tuseme umepata 1,250. Pikseli moja basi ni maikromita 100 gawanya kwa 1,250, sawa na maikromita 0.08. Seli nyekundu ya binadamu ina kipenyo cha maikromita 7 hadi 8, tukichukua 7.5 na kugawa kwa 0.08, tunapata pikseli 94 hivi.

Thibitisha kwa kuchora mstari juu ya seli ishirini za picha yako na kutafuta wastani. Namba hizo mbili zikitofautiana sana, tafuta sababu kabla ya kuendelea. Mara nyingi picha ya kipimo imepigwa kwa lenzi nyingine, au kamera imebadilishiwa ukubwa wa picha.

*Dalili ya mafanikio:* una namba mbili zilizoandikwa kwenye daftari, ukubwa wa pikseli na kipenyo cha seli, na unajua kila moja imetoka wapi.

Hatua ya 4: Andaa picha kwenye Fiji

Fungua picha ya seli pamoja na picha tupu. Kwa kila moja tumia Image > Color > Split Channels, ubaki na sehemu ya kijani peke yake. Rangi ya eosini iliyo ndani ya Giemsa hunyonya mwanga wa kijani, kwa hiyo seli nyekundu huonekana nyeusi zaidi katika sehemu hiyo kuliko katika nyekundu au buluu.

Kisha tumia Process > Image Calculator kugawa picha ya seli kwa picha tupu, ukiwa umeweka alama kwenye chaguo la 32-bit. Giza la pembeni na madoa ya vumbi vitatoweka. Badilisha matokeo kuwa 8-bit, halafu tumia Edit > Invert ili seli ziwe nyeupe juu ya usuli mweusi, kwa kuwa sehemu kubwa ya picha zilizofundishia modeli ya awali zilikuwa na sura hiyo.

Onyo: hifadhi nakala hii kwa jina jipya na usiiguse picha halisi ya rangi. Nakala ni ya kuchorea mipaka tu. Vimelea husomwa kwenye picha ya rangi.

Hatua ya 5: Sakinisha programu

Fungua dirisha la amri na uandike mistari hii, mmoja baada ya mwingine. Mstari wa pili ni wa Windows. Kwenye Linux andika `source mazingira/bin/activate`.

```
python -m venv mazingira
mazingira\Scripts\activate
pip install torch --index-url https://download.pytorch.org/whl/cpu
pip install "cellpose[gui]<4" scikit-image pandas
```

Mstari wa tatu unawafaa wasio na kadi ya michoro na una faida kubwa kwa mwenye bando dogo: ukiuruka, kwenye Linux kompyuta itapakua kifurushi cha kadi ya michoro chenye gigabaiti kadhaa ambacho hutakitumia. Alama `<4` inazuia toleo la 4, ambalo modeli yake ni nzito mno kwa kompyuta mpakato ya kawaida.

Modeli hujipakua yenyewe mara ya kwanza unapoiendesha, na huhifadhiwa kwenye folda `.cellpose/models` ndani ya folda yako binafsi. Nakili folda hiyo kwenye flashi, uwapelekee wenzako. Hawatahitaji kuipakua tena.

Hatua ya 6: Endesha modeli ya awali na usome makosa yake

Andika `python -m cellpose`, kisha vuta picha uliyoiandaa na kuiachia kwenye dirisha. Andika 94, au namba yako, kwenye kisanduku cha kipenyo. Pembeni chini kushoto litatokea duara jekundu. Lilinganishe na seli. Likilingana nazo kwa ukubwa, chagua cyto3, ambayo ndiyo modeli ya awali ya Cellpose, na uiendeshe.

Ili usome makosa kwa haki, elewa kwanza modeli inafanya nini. Haichori mstari moja kwa moja. Kwa kila pikseli inakadiria mambo mawili: iwapo pikseli hiyo imo ndani ya seli, na mshale unaoonyesha upande ilipo katikati ya seli hiyo. Kisha kila pikseli hufuata mishale, na zote zinazokutana mahali pamoja huhesabiwa kuwa seli moja. Anayeishi kwenye miteremko ya Kilimanjaro ameliona jambo hili kila masika: matone mawili yanaanguka hatua moja tu kutoka kwenye ukingo, moja upande huu na jingine upande ule, na kila moja linaishia kwenye bonde lake. Ndivyo seli zilizogusana zinavyotenganishwa hata pasipokuwa na ufa ulio wazi kati yake.

Kwa hiyo kosa linapotokea, uliza ni kipi kilichoharibika, mishale au makadirio ya ndani na nje.

Seli zikikatwa vipande, au zikiunganishwa, rudi kwanza kwenye kipenyo. Zikiunganishwa ilhali kipenyo ni sahihi, tazama ukali wa picha. Picha iliyopigwa nje ya fokasi haina ukingo wa kugawa matone.

Mipaka ikiwa ya ajabu, yenye pembe na mikia, punguza kizingiti cha mtiririko (flow threshold) kutoka 0.4, ambayo ndiyo namba ya kawaida. Seli halali zikiachwa, kiongeze. Mipaka ikikaa ndani mno ya seli, au seli hafifu zikiachwa, shusha kizingiti cha uwezekano wa seli (cellprob threshold) kutoka 0 kuelekea namba hasi, kwa mfano -1. Takataka za rangi zikichorwa kama seli, kipandishe. Badilisha namba moja tu kila mara, vinginevyo hutajua ni ipi iliyokusaidia.

Kuna kosa moja la seli nyekundu ambalo vizingiti haviliponyi vizuri. Seli hizi ni nyembamba katikati, na kwa mgonjwa mwenye upungufu wa madini ya chuma weupe wa katikati hutanuka mpaka seli inafanana na pete. Modeli ya awali wakati mwingine huchora shimo hilo kama seli ndani ya seli, au huikata pete vipande viwili. Ukiona hivyo mara kwa mara, unayo sababu halali ya kwenda Hatua ya 7.

*Dalili ya mafanikio:* katika picha yenye seli 200 hivi, makosa ni machache kiasi kwamba unaweza kuyataja moja moja.

Hatua ya 7: Sahihisha, kisha fundisha

Tenga slaidi kabla ya kuchora chochote: baadhi za kufundishia, nyingine za kupimia. Utengaji uwe wa slaidi nzima. Ukichukua picha mbili za slaidi moja, moja ukafundishie na nyingine ukapimie, modeli itaonekana hodari kwa sababu imeshaiona rangi ileile na mwanga uleule, na udhaifu wake utajitokeza siku slaidi ngeni itakapoletwa.

Andika kanuni zako kwenye karatasi kabla ya kuanza. Seli iliyokatwa na ukingo wa picha inachorwa? Seli mbili zilizopandana, mstari unapita wapi? Watu wawili wanaochora bila kanuni moja huifundisha modeli kutokuwa na uhakika.

Kwenye dirisha lilelile, futa mpaka mbovu kwa Ctrl na kubofya kushoto, unganisha vipande kwa Alt na kubofya kushoto, na uchore mpaka mpya kuanzia kitufe cha kulia cha kipanya. Chora kila seli iliyomo kwenye picha. Seli unayoiacha kwa uvivu haibaki bila maana: modeli inajifunza kwamba kitu chenye sura ile ni usuli.

Kazi hii si kubwa kama inavyodhaniwa. Watengenezaji wa Cellpose walionyesha mwaka 2022 kwamba seli 500 hadi 1,000 zilizochorwa na mtumiaji zinatosha kuifikisha modeli ya awali karibu na ubora wa modeli iliyofundishwa kwa seli nyingi zaidi, na kwamba seli 100 hadi 200 zinaweza kutosha ukifanya kwa awamu: unasahihisha picha moja, unafundisha, unaendesha picha inayofuata, unasahihisha tena. Njia ya awamu ndiyo ninayoipendekeza, kwa kuwa kila picha inakuwa na makosa machache ya kurekebisha kuliko iliyotangulia.

Faili za masahihisho huishia kwa `_seg.npy`. Zikiwa tayari, andika amri hii kwa mstari mmoja:

```
python -m cellpose --train --dir fundisha --test_dir pima --pretrained_model cyto3 --chan 0 --n_epochs 100 --mask_filter _seg.npy
```

Bila kadi ya michoro, kazi hii huchukua saa nyingi. Ianzishe jioni, kompyuta ikiwa kwenye betri ya akiba. Programu itachapisha namba ya hasara, yaani kipimo cha ukubwa wa makosa ya modeli, kwa picha za kufundishia na kwa zile za kupimia. Ya kwanza ikizidi kushuka huku ya pili ikipanda, modeli inakariri. Ongeza slaidi tofauti, usiongeze mizunguko.

Hatua ya 8: Pima kwa namba

Chora kwa mkono picha chache za slaidi za kupimia, kisha linganisha na matokeo ya modeli. Seli ya modeli inahesabiwa kuwa sahihi ikiwa eneo inaloshirikiana na seli yako, likigawanywa kwa eneo lote ambalo hizo mbili zinalifunika, linafika 0.5.

Tuseme umechora seli 212. Modeli imepata 198 sahihi, imeacha 14, na imezua 6 ambazo hazipo. Alama ni 198 gawanya kwa jumla ya 198, 14 na 6, yaani 198 kwa 218, sawa na 0.91.

Usiridhike na kulinganisha jumla peke yake. Modeli ikiacha seli 14 na kuzua 14, jumla itakuwa 212 kamili, na mtu atasherehekea hesabu iliyojaa makosa 28.

Hatua ya 9: Toa hesabu

Endesha modeli kwa folda nzima. Kama umefundisha ya kwako, weka njia ya faili lake mahali pa `cyto3`.

```
python -m cellpose --dir picha --pretrained_model cyto3 --chan 0 --diameter 94 --exclude_on_edges --save_tif
```

Chaguo la `--exclude_on_edges` huondoa seli zote zilizokatwa na ukingo. Kwa asilimia ya vimelea ni sawa, mradi seli hizo zisihesabiwe pia kwenye zile zenye vimelea. Kwa anayetafuta idadi ya seli kwa eneo, lirukwe, na zihesabiwe seli za kingo mbili na kuachwa za kingo mbili, kama tufanyavyo kwenye chemba ya Neubauer, kioo chenye miraba ya kuhesabia seli.

Faili la `_cp_masks.tif` likifunguliwa linaweza kuonekana jeusi tupu, na wengi hudhani kazi imeshindikana. Halijaharibika: kila seli imejazwa namba yake, 1, 2, 3 na kuendelea, na namba ndogo huonekana nyeusi. Ongeza mwangaza kwenye Fiji na seli zitajitokeza. Kisha pata eneo la kila seli kwa mistari hii ya Python, ukiweka ukubwa wa pikseli yako mahali pa 0.08:

```
from skimage import io, measure
import pandas as pd
ramani = io.imread("slaidi07_picha03_cp_masks.tif")
sifa = measure.regionprops_table(ramani, properties=("label", "area"))
jedwali = pd.DataFrame(sifa)
jedwali["eneo"] = jedwali["area"] * 0.08**2
jedwali.to_csv("slaidi07_picha03.csv", index=False)
```

Seli ya maikromita 7.5 ina eneo la maikromita mraba 44 hivi, ambalo ni pikseli 6,900. Vitu vilivyo chini ya pikseli 2,000 kwa kawaida ni chembe sahani au takataka za rangi, viondoe. Vilivyo zaidi ya 12,000 vitazame kwa macho kimoja kimoja, kwa kuwa vinaweza kuwa seli nyeupe, na vinaweza kuwa seli nyekundu mbili zilizoungana. Eneo la kati la jedwali lako likiwa mbali na 44, kipimo cha Hatua ya 3 kina kosa, hata kama mipaka inapendeza.

Kila chupa mpya ya Giemsa inapofunguliwa, au taa ya hadubini inapobadilishwa, piga picha tatu na urudie Hatua ya 8 kabla ya kuhesabu slaidi yoyote. Alama ikishuka, sahihisha picha hizo tatu, ziingize kwenye folda ya kufundishia, na ufundishe tena. Kwa upimaji unaofuata tumia slaidi nyingine, kwa sababu hizo modeli itakuwa imeshaziona.